Dungu la Kumvizia Tai

Kazi inayonilisha ni kupiga picha za pasipoti. Studio yangu iko Tunduma, karibu kabisa na mpaka, jirani na meza za vijana wanaobadilisha kwacha. Mteja anaingia na vumbi la malori, anakaa kwenye stuli, namwambia avue kofia, ainue kidevu kidogo, anitazame. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Picha ambayo mwenyewe hatazami lenzi inakataliwa, na mteja anarudi kwangu akiwa mkali. Kwa miaka 11 sasa nimetazamwa machoni na madereva kutoka Kongo, akina mama wa mitumba, wanafunzi wanaokwenda Lusaka na wazee wanaokwenda kuzika ndugu upande wa pili. Kila mmoja alijua ninachofanya, alilipa, na aliondoka na uso wake ndani ya bahasha.

Novemba mwaka jana nilifunga studio kwa siku sita, nikaenda kufanya kinyume chake. Nilikwenda kupiga picha za viumbe ambao hawakutakiwa kabisa kujua kwamba nipo. Nimerudi na picha moja ambayo sijui niifanyeje, na swali ambalo limekuwa likinikaa kooni tangu hapo: ukimwona mwenzio kwa kujificha, ulichokiona ni chako?

Nikisema nilisafiri nje ya nchi, watu wa Tunduma watanicheka. Kwetu nje ya nchi ni kuvuka barabara. Sisi Wanyamwanga mpaka ulitupitia katikati. Shangazi yangu anaishi Nakonde, na nikimpelekea sukari sihesabu kuwa nimesafiri, ingawa saa ya ukutani kwake iko nyuma ya yangu kwa saa moja. Ila safari hii haikuishia kwa shangazi. Nilipanda basi linalofuata ile barabara kuu ya kwenda kusini, tukapita Isoka, Chinsali na Mpika, na kabla ya kufika Serenje nikashuka kwenye njia panda ya kwenda Mansa. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 50 mpaka Hifadhi ya Taifa ya Kasanka.

Kasanka ni hifadhi ndogo, na jina lake limevuma duniani kwa jambo moja. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, popo wa matunda hukusanyika katika kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, ambao wenyeji huuita mushitu. Makadirio yanafika popo milioni 10. Wanafuata matunda ya porini yanayoiva mvua zinapoanza, yakiwemo makusu, hayahaya tunayoyala sisi Songwe mpaka vidole vinanata. Mchana wananing'inia wamebanana mpaka matawi yanakatika kwa uzito. Jioni wanaondoka wote, alfajiri wanarudi. Na penye karamu ya namna hiyo, wenye kucha hawakosi. Tai wanakuja, furukombe wanakuja, mwewe wanakuja. Chini majini mamba anamngoja atakayeanguka.

Mimi nilikuwa nimemfuata mmoja tu. Ni tai mkubwa kuliko karibu tai wote wa Afrika, mgongo na kichwa rangi ya mkaa, tumbo jeupe lenye madoa meusi. Wanasayansi wamempa jina la kivita, Polemaetus bellicosus. Tangu mwaka 2020 shirika la IUCN limemweka katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Nilimwona mara moja nikiwa mtoto, juu sana, bibi akaninyooshea kidole. Nilitaka kumwona kwa karibu kabla sijazeeka, au kabla yeye hajaisha.

Ili umwone hivyo lazima ujifiche. Pale Kasanka kuna majukwaa ya mbao yaliyojengwa juu ya miti, unapanda kwa ngazi kukiwa bado giza, unakaa kimya, unangoja. Nilipofika juu siku ya kwanza jina lake lilinijia lenyewe: dungu. Nilikulia Kamsamba, kwenye bonde la mto Momba, kunakolimwa mpunga, na kila msimu wa mavuno sisi watoto tulishinda kwenye dungu kuamia ndege. Kwelea-kwelea wakishuka kama wingu, unapiga debe, unapiga kelele, unazungusha kombeo. Kazi ya dungu lile ilikuwa uonekane. Ndege akuone, akusikie, akuogope, aende shamba la jirani. Sasa nimepanda dungu lingine, mtu mzima na lenzi ya kuazima ya milimita 400, na kazi yangu ni kuhakikisha ndege hajui kama kuna mtu duniani.

Kutoonekana kuna utamu wake, na sitaki kujifanya sikuuonja. Mimi ni mwanamke niliyefanya biashara stendi na mpakani tangu nikiwa msichana. Najua kutazamwa. Najua kupita mbele ya kijiwe cha bodaboda na kuhisi macho mgongoni bila kujua ni ya nani. Kule juu ya mti, kwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa macho tupu. Sikuwa na mgongo. Niliwatazama wale popo wakirudi kama moshi unaorudi jikoni, nikamtazama furukombe akijisafisha manyoya, akikuna shingo, akipiga miayo kama mzee msibani. Ulikuwa kama umbea mtukufu. Hakuna hata mmoja aliyenipangia uso.

Plato alilifikiri jambo hili zamani. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri kuna kisa cha mchungaji aliyeokota pete: akiigeuza kidoleni haonekani. Hakuchukua muda akamlaghai mke wa mfalme, akamuua mfalme, akatawala yeye. Kisa kinawekwa pale kama mtego. Je, mwema ni mwema kweli, au ni mtu anayejua kwamba anaonekana? Mimi nilipokisoma mara ya kwanza niliona kimetiwa chumvi, kwani nani anakwenda kuua wafalme? Juu ya dungu nikaona kwamba pete haihitaji mfalme. Inahitaji tu kitu unachokitaka, na uhakika kwamba hakuna atakayekuuliza.

Wenzetu wanaofanya kazi hii kwa fedha nyingi wamefika mbali. Huko Hungaria mpiga picha Bence Máté amejulikana kwa maficho yenye kioo cha upande mmoja, wewe unamwona ndege, yeye anaona kivuli chake mwenyewe. Giant's Castle, katika milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, kuna kibanda ukingoni mwa genge ambako wageni huwawekea mifupa tai wa milimani, kisha wanaingia ndani kusubiri. Sehemu nyingine watu hutupa panya hai kwenye theluji ili bundi ashuke mbele ya kamera. Nimeziona picha hizo. Ni nzuri mno. Lakini ukishajua kuhusu panya, bundi anabadilika. Unaona tumbo lililoitwa likaitika.

Hata hivyo maficho yana utetezi wake, na ni wa haki. Ukitembea wazi chini ya mushitu utawatisha popo, na popo mmoja akiruka mchana wanaruka laki moja, na tai anayewangojea hana taabu tena. Kujificha kunaweza kuwa adabu, sawa na kubisha hodi kwa sauti ya chini mgonjwa akilala. Nasema hivyo kwa sababu ningependa iwe imeishia hapo, kwamba nilijificha kwa adabu, nikampiga picha tai, nikarudi nyumbani.

Neno lenyewe, kupiga, halina kosa. Tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga simu, na hakuna anayeumia. Waingereza nao kwa picha wanatumia neno lao la bunduki bila hata kulisikia. Lakini siku ya tatu asubuhi neno hilo lilinirudia na maana yake ya zamani.

Kulikuwa kumepambazuka, mwanga bado wa njano. Askari wa wanyamapori aliyenisindikiza alikuwa amekaa chini, kwenye mguu wa ngazi, ametazama upande wa msitu. Tai alikuwa juu ya mti mkavu ukingoni mwa mbuga yenye maji, nimemwekea lenzi kwa muda unaotosha kuchemsha maharage, mkono umekufa ganzi. Kisha akajiachia. Hakupiga bawa. Alishuka kwenye nyasi kama mita 100 kutoka kwangu, akanyanyuka na popo kwenye kucha, na mimi kidole kikawa kimeganda kwenye kitufe, kamera ikilia kama cherehani. Hapohapo, nyuma yake, nyasi zikainuka zikawa mtu.

Alikuwa mwanamume, mtu mzima, amelowa mpaka kiunoni. Mkononi alishika mgono, ule mtego wa kufumwa tunaotegea samaki hata kwetu. Alikuwa ameinama majini, na tai alipomshukia karibu alishtuka akasimama wima. Akamtazama tai akipanda. Mdomo wazi, macho wazi, uso wote umefunguka kama wa mtoto. Kisha akainama tena, nyasi zikamfunika, na ikawa kana kwamba sikumwona.

Picha ninayo. Mabawa yametanda pembe mpaka pembe, popo ananing'inia, na kati ya bawa na nyasi kuna uso wa yule mtu, mkali kama picha ya pasipoti. Nimepiga picha maelfu maishani na hakuna inayoisogelea hiyo.

Nilishuka miguu ikitetemeka. Askari aliwahi kuishi Nakonde, Kiswahili anakijua. Akaniuliza:

"Dada, umempata?"

Nikasimama. Kiswahili chetu hiki, tai ni "m" na mtu ni "m". Kumpata tai, kumpata mtu, neno ni lilelile. Hakujua ameuliza mara mbili.

"Nimempata," nikasema.

"Hebu nione."

Nikawasha kamera nikamwonyesha furukombe wa jana, nikamwonyesha tai akiwa kwenye mti, nikamwonyesha popo dhidi ya jua. Zile za mwisho nikazizima kwa kidole, nikasema betri inakwisha. Betri ilikuwa imejaa.

Tuseme ukweli kuhusu uongo huo, maana ndio moyo wa jambo. Sikujua kama yule mtu alikuwa na ruhusa ya kuvua pale. Mpaka leo sijui. Huenda alikuwa nayo, na mimi nimemfanya mhalifu kichwani mwangu kwa sababu tu amelowa na hana viatu. Huenda hakuwa nayo, na picha yangu ingempeleka mahakamani. Sikumficha kwa sababu nilikuwa nimepima sheria. Nilimficha kwa sababu nilimwona kwa njia ambayo haikunipa haki ya kumsema.

Mtu atasema: na angekuwa na sumu je? Swali hilo nimejiuliza usiku mwingi. Katika nchi zetu hizi majangili wanatia sumu kwenye mizoga, tumbusi wanakufa kwa makumi, mara nyingine kwa makusudi, kwa kuwa tumbusi wakizunguka angani wanawaonyesha askari mzoga ulipo. Ningemwona mtu anamimina sumu ningeshuka ile ngazi nikipiga kelele kama niko kwenye mpunga wa Kamsamba. Kwa hiyo sina kanuni safi ya kuwapa. Siwezi kusema kilichoonekana mafichoni kisisemwe kamwe. Ninachoweza kusema ni kwamba, kabla ya kusema, ningelazimika kutoka mafichoni mimi mwenyewe. Ningetoa jina langu pamoja na picha, nijulikane ni nani aliyeshtaki, niulizwe maswali. Kumsema mtu huku nikibaki juu ya mti, hilo sasa ni lile la mchungaji na pete.

Nikirudi nililala kwa shangazi Nakonde. Shangazi hajui mambo ya kamera, lakini macho yake ni mazima. Nikamwonyesha ile picha kwenye kompyuta. Alikaa nayo muda mrefu. Tai alimsifu kwa neno moja, kisha akagusa skrini kwa kucha, pale penye uso.

"Huyu nani?"

"Simjui, shangazi. Alikuwa anavua."

"Na yeye ana habari kwamba unaye?"

Nikanyamaza. Akaenda kugeuza ugali.

Unaye. Sikuwahi kulifikiri hivyo. Wateja wangu wa pasipoti siko nao, wanaondoka na nyuso zao. Huyu ninaye, yuko kwenye memori kadi ndani ya droo, Tunduma, nchi nyingine, na hajui. Ametekwa bila kushikwa.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam, mpiga picha wa harusi, amenishauri mambo mawili. La kwanza, niipeleke kwenye mashindano, itashinda. La pili, kama naogopa, nimkate yule mtu, nibaki na tai. Nilijaribu kumkata. Ikabaki picha nzuri ya tai na popo, kama zilivyo picha nyingi nzuri za tai. Kumbe kilichokuwa kimenishika ni ule mdomo wazi. Yule mtu aliona alichokiona akiwa ndani yake, majini, yeye mwenyewe akiwa hatarini kuonekana. Mimi niliona nikiwa salama. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyemwona tai kweli.

Kuna kitabu cha Mwingereza J. A. Baker, The Peregrine, kilichotoka mwaka 1967. Ni habari za mtu aliyemfuata kozi katika mashamba na vinamasi vya Essex majira ya baridi, enzi ambazo ndege hao walikuwa wakiisha kwa dawa za mashambani. Kilichonigusa ni namna alivyomkaribia. Hakutegemea kibanda. Alijifunza kuvaa nguo zilezile, kupita njia zilezile, kufanya mambo yaleyale, mpaka kozi akamzoea. Yaani alikubali kuonekana, tena kila siku, na akamwachia ndege aamue amvumilie au aondoke. Alisubiri ajulikane.

Nikifikiri hivyo naona njia tatu za kutazama. Kuna ya studio, ambapo mtu ananipa uso wake akijua. Kuna ya Baker, ambapo asiyeweza kuombwa ruhusa anapewa muda wa kukuzoea. Na kuna ya dungu. Hii ya tatu siikatai, maana bila hiyo nisingemwona tai yule hata milele. Lakini ni mkopo, na mkopo una riba. Kwa ndege, riba yake ni kutomharibia maisha, nisimtegee chambo, nisiutangaze mti wenye kiota chake mitandaoni watu wakamjazie miguu chini. Hilo naliweza. Kwa mtu, riba yake ni kumrudia na kumuuliza.

Na hapo ndipo nilipokwama. Niliwaza Novemba hii nirudi na picha niliyoichapisha, niende vijiji vinavyozunguka hifadhi, nimtafute. Nikajiona nimesimama sokoni, nauliza: mnamjua huyu? Mtu mmoja akitazama, anaona uso. Wa pili anaona mgono. Wa tatu anatambua ile mbuga ya maji nyuma yake na anajua ni ndani ya hifadhi. Ili nimuombe ruhusa lazima nimwonyeshe, na kumwonyesha ndiko hasa ninakotakiwa kumuomba ruhusa. Nimeizungusha akilini kila upande, sijaona mlango.

Kwa hiyo picha iko kwenye droo. Sijaifuta, na nakiri kwamba sababu mojawapo ni ubinafsi, naipenda. Sababu nyingine ni kwamba kuifuta kungekuwa kujificha mara ya pili, kujifanya sikumwona mtu ambaye nilimwona vizuri kuliko ninavyowaona majirani zangu. Kwenye mashindano haiendi. Hapa pia hamtaiona, na kama mmefika chini mkitafuta picha, mnisamehe.

Jana aliingia mzee studio, anakwenda Kasama kwenye harusi ya mjukuu. Nikamwambia avue kofia, ainue kidevu, anitazame. Akanitazama. Nilipomaliza akasema, "Hebu nione ulivyonichukua, mama." Nikageuza kamera, tukaitazama wote wawili, vichwa vimegusana. Akasema jicho la kushoto limelegea, turudie. Tukarudia.